Matibabu ya Mzee na Bima ya Serikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazee wa Dodoma na wilaya zake, na zaidi kwa watoto na wajukuu wanaowasindikiza hospitalini. Maswali ni yale yale yanayosikika kwenye benchi za kusubiria, iwe kwenye zahanati ya kijijini Chemba au kwenye hospitali kubwa mjini. Majibu yanahusu Tanzania Bara peke yake, kwa kuwa Zanzibar ina mfuko wake na taratibu zake. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Je, kila mtu aliyefikisha miaka 60 anatibiwa bure?

Hapana, na kutolijua hili kumewagharimu wengi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 imeweka msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wa umri huo wasio na uwezo wa kulipa. Maneno "wasio na uwezo" ndiyo yanayopotea habari inapopita kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka inapofika kijijini imekuwa "wazee wote ni bure". Mzee mwenye pensheni, mwenye nyumba za kupangisha au mwenye zizi la ng'ombe linaloeleweka hahesabiwi katika kundi hilo, hata kama ana miaka 80.

Dirisha la wazee, pamoja na mabango yanayowataka watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza, ni jambo jingine kabisa. Dirisha hilo linapunguza foleni na halifuti malipo. Mzee yeyote ana haki ya kulitumia, awe analipa taslimu, awe na kadi ya bima au awe na kitambulisho cha msamaha.

2. Kuna tofauti gani kati ya msamaha na bima, ikiwa mwisho wa yote mzee halipi?

Tofauti haionekani siku ya kumwona daktari. Huonekana dirishani kwa mfamasia, siku dawa inapokuwa haipo.

Mzee mwenye msamaha hatozwi na kituo cha serikali. Hakuna mtu wa tatu anayekilipa kituo kwa niaba yake; kituo kinabeba gharama hiyo ndani ya bajeti yake, kwa dawa na vipimo vilivyopo siku hiyo. Dawa ya shinikizo la damu ikiwa imekwisha, mzee anaandikiwa karatasi na kuambiwa akanunue nje, na huko nje msamaha wake hautambuliwi. Vivyo hivyo kwenye hospitali ya binafsi au ya dini: msamaha hauna nguvu ya kumlazimisha mmiliki amtibu mtu bila malipo.

Mzee mwenye bima ana mlipaji. Kituo kinachomhudumia kinaandika madai na kulipwa baadaye, na ndiyo sababu hata hospitali isiyo ya serikali inampokea, mradi ina mkataba na mfuko husika. Kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, dawa isipokuwepo kituoni mwanachama anaweza kupewa fomu ya kuichukulia kwenye duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Kwa mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge kila siku ya maisha yake, faida hiyo peke yake inatosha kuifanya familia itafute bima hata kama mzee ana msamaha.

3. Mzee anaweza kuingia katika bima ya serikali kwa njia zipi?

Anaweza kuingia kama mstaafu aliyekuwa akichangia NHIF (swali la 4 na la 5), kama mzazi anayetegemea mtoto aliye mwanachama (swali la 6 hadi la 8), kama mmoja wa wanakaya katika Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF iliyoboreshwa (swali la 9), au kwa kujilipia kifurushi cha hiari cha NHIF (swali la 10). Kabla ya kuuliza bima inalipia nini, jiulize kwanza mzee wako ameingilia mlango gani kati ya hiyo. Ndugu wawili wenye umri mmoja na ugonjwa mmoja wanaweza kupata majibu tofauti kwenye dirisha moja, na mhudumu asiwe amekosea.

## Wastaafu

4. Nimestaafu ualimu. Je, bima yangu inaendelea?

NHIF ilianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3. Mchangiaji anapostaafu kwa mujibu wa taratibu, yeye na mwenza wake wanaendelea kuhudumiwa bila kuchangia tena.

Huduma hiyo haijiendeshi yenyewe. Kadi ya utumishini hufikia kikomo, na mstaafu anatakiwa kujisajili upya akiwa na barua yake ya kustaafu, kitambulisho cha taifa na vielelezo vya ndoa kwa ajili ya mwenza. Ni vema kazi hiyo ifanywe kabla ya kuhama nyumba ya mjini, kwa sababu wastaafu wengi hurudi Mpwapwa au Kondoa na mizigo yao yote, halafu hukumbuka kadi siku presha inapopanda.

Jambo la pili linalowashtua wengi ni kwamba neno "mwenza" halijumuishi watoto wala wazazi. Athari yake imeelezwa katika swali la 8.

5. Ninapokea pensheni ya PSSSF kila mwezi. Je, hiyo si bima tosha?

Ni vyombo viwili tofauti. PSSSF, uliotokana na kuunganishwa kwa PPF, PSPF, LAPF na GEPF mwaka 2018, unalipa pensheni. Matibabu yanalipwa na NHIF kwa yule aliyekuwa mchangiaji wake. Mtu anaweza kuwa na pensheni bila kuwa na bima. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wazee wengi waliostaafu kabla ya mwaka 2001, ambao hawakuwahi kukatwa hata shilingi moja ya Mfuko kwa kuwa Mfuko ulikuwa haujaanza. Hao hutazama njia nyingine zilizotajwa katika swali la 3.

## Wazazi wa wanachama

6. Je, naweza kumwandikisha mama yangu kwenye kadi yangu ya kazini?

Ndiyo. Mwanachama wa NHIF anayekatwa mshahara anaruhusiwa kuandikisha mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na katika hao wanne wanaingia watoto wake, wazazi wake na wazazi wa mwenza wake. Utahitaji vielelezo vinavyoonyesha uhusiano, na ugumu huanzia hapo, kwa kuwa mama wa miaka 72 na cheti cha kuzaliwa cha mwanaye mara nyingi hawakubaliani kwa jina. Kwenye cheti ameandikwa jina la ubatizo, kwenye kitambulisho cha taifa limeandikwa jina la Kigogo alilopewa na bibi yake. Hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja hutatua jambo hili, na ni rahisi kuipata mama akiwa mzima kuliko akiwa wodini.

7. Nina watoto watatu, mama, na mama mkwe. Nafasi hazitoshi. Nifanye nini?

Nafasi ni nne na Mfuko haupanui kwa huruma. Kinachowezekana ni kugawana mzigo ndani ya ukoo: ndugu mwingine aliye kwenye ajira na mwenye nafasi amchukue mzazi mmoja. Ikiwa mume na mke wote wanachangia, kila mmoja anapanga wategemezi wake.

Mara nyingi familia hujaza nafasi kwa watoto kwanza kwa kuwa ndio wadogo. Kwa maoni yangu hesabu hiyo inastahili kufikiriwa upya: mzee mwenye kisukari anakwenda kliniki kila mwezi, ilhali kijana wa miaka 15 huenda akapita mwaka mzima bila kuliona dirisha la famasi.

8. Mimi ndiye ninayestaafu, na mama yangu wa miaka 84 yuko kwenye kadi yangu. Itakuwaje?

Kadi ya mama itakoma. Haki ya mstaafu inamhusu yeye na mwenza wake (swali la 4), na mzazi alikuwa pale kwa sababu ya ajira ya mwanaye. Watumishi wa umma hustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55 na kwa lazima wakiwa na miaka 60, kwa hiyo wazazi wao hupoteza kadi katika umri ule ule ambao nyonga huvunjika na moyo huchoka.

Jambo hili linajulikana miaka mingi kabla halijatokea, hivyo hakuna sababu ya kushtukizwa. Mhamishie mama kwa mtoto mwingine aliye kazini walau miezi kadhaa kabla ya tarehe yako ya kustaafu. Kama hayupo, mwingizeni kwenye kaya ya CHF au fuatilieni kitambulisho cha msamaha (swali la 11) mapema.

## Waliojiajiri, wakulima na wafugaji

9. CHF iliyoboreshwa inamsaidiaje mzee wa kijijini?

Mkoa wa Dodoma una historia yake katika jambo hili, kwani ni miongoni mwa mikoa ya kwanza ambako CHF ilifanyiwa maboresho kabla ya kusambazwa nchi nzima mwaka 2018. Kiwango kilichowekwa wakati huo kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, isipokuwa Dar es Salaam ambako kilikuwa kikubwa zaidi. Mzee anayeishi na mwanaye anahesabiwa kuwa mwanakaya kama wengine, na uandikishaji unafanywa na afisa mwandikishaji kijijini, bila safari ya mjini.

Huduma zake zinaanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo ndipo ukomo wake. Mzee wa Bahi mwenye kadi ya CHF anaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ambayo wenyeji bado wanaiita "General", lakini akipelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma na inayohudumia kanda nzima, kadi hiyo haimfuati. Kwa malaria, kidonda, presha ya kawaida na homa ya mapafu, CHF ni thamani kubwa kwa fedha ndogo. Kwa figo au saratani haitoshi.

Lipieni baada ya mavuno ya alizeti au zabibu, fedha zikiwa bado ziko mkononi. Kadi iliyoisha muda wake mwezi Februari, wakati ghala limebaki tupu, ni vigumu kuihuisha.

10. Je, mzee anaweza kujilipia bima ya NHIF mwenyewe?

Anaweza, kwa vifurushi vya hiari, ambavyo majina na bei zake vimebadilika zaidi ya mara moja: mwaka 2019 vilianza Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, na baadaye vikaja Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Kisichobadilika ni kwamba bei hupanda kwa makundi ya umri, na kundi la miaka 60 na kuendelea hulipa zaidi ya vijana. Soma kwa makini huduma zenye kipindi cha kusubiri kabla ya kulipa, kwa sababu anayenunua kifurushi leo kwa ajili ya upasuaji wa wiki ijayo huishia kujilaumu.

## Kitambulisho cha msamaha

11. Kitambulisho cha matibabu bila malipo kinapatikanaje?

Safari inaanzia kwenye serikali ya kijiji au ya mtaa, ambako wanaomjua mzee wanathibitisha umri wake na hali yake. Orodha inapita kwenye kata na kwa ofisa ustawi wa jamii, kisha halmashauri inatoa kitambulisho chenye picha. Kama mzee amefika hospitalini bila kitambulisho na hana fedha, muulizeni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo. Yupo kwa kazi hiyo, na ofisi yake mara nyingi haina foleni kwa kuwa watu hawajui kwamba wanaweza kumwendea.

12. Bibi hajui alizaliwa mwaka gani. Atathibitishaje umri?

Kitambulisho cha taifa au kadi ya mpiga kura hutumika. Pasipo hivyo, viongozi wa kijiji hukadiria kwa matukio, na hilo si jambo la kuonea aibu: aliyekuwa amekwisha kuzaliwa siku ya Uhuru, Desemba 1961, amekwisha kuvuka miaka 60, na aliyekuwa akichunga mbuzi wakati wa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 yuko katika umri huo pia au anaukaribia. Ikihitajika hati, kiapo hufanyika kwa wakili au mahakamani.

## Kinacholipwa na kisicholipwa

13. Kwa mzee mwenye kadi ya NHIF, ni huduma zipi zinalipiwa?

Kitita cha mafao kinagusa ada ya kumwona daktari, vipimo, dawa zilizomo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, kulazwa, upasuaji, huduma za kinywa na meno, huduma za macho pamoja na miwani kwa kikomo cha bei, mazoezi ya viungo, na baadhi ya vifaa vya kumsaidia mgonjwa kutembea. Vipimo vikubwa, dawa za gharama na matibabu ya muda mrefu vinaweza kuhitaji kibali cha Mfuko, ambacho kwa kawaida huombwa na hospitali yenyewe.

Kwa magonjwa ya uzeeni hii ina maana pana. Upasuaji wa mtoto wa jicho umo. Kliniki za shinikizo la damu na kisukari zimo. Upasuaji wa tezi dume umo. Kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo, kazi inayorudiwa mara mbili au tatu kwa wiki bila likizo, pia imo, na familia yoyote iliyowahi kuigharamia kwa kuuza mifugo inaelewa uzito wa sentensi hii. Mazoezi ya viungo baada ya kiharusi yamo, lakini ndiyo mafao ninayoona yakiachwa zaidi: mzee akiruhusiwa kutoka wodini anapelekwa nyumbani, akikandwa mafuta na ndugu, na miezi ile ya mwanzo ambayo mkono ungeweza kurudi inapita hivihivi. Ulizeni ratiba ya mazoezi kabla hamjatoka hospitalini.

14. Na vipi kuhusu vikope?

Kongwa na maeneo ya jirani yamejulikana kwa ugonjwa huu wa macho kwa miaka mingi, na waathirika wakubwa wa kope zinazoingia ndani ni wanawake wazee. Upasuaji wa kuzigeuza mara nyingi hufanywa bila malipo chini ya mpango wa serikali, kwa hiyo mzee asiahirishe kwa kuwa hana kadi. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za kifua kikuu, ukoma na VVU: zinagharamiwa na miradi ya kitaifa na hazidaiwi kwa bima.

15. Ni nini hakilipwi?

Matibabu ya nje ya nchi, upasuaji wa urembo, na dawa zilizo nje ya orodha. Zaidi ya hayo, bima hulipa tiba na hailipi matunzo. Mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani, nepi za watu wazima, lishe maalumu, nauli ya basi kutoka Kondoa na malazi ya msindikizaji vyote vinabaki kwa familia. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, ambaye daktari anamhitaji kwa nusu saa na nyumbani anahitaji macho usiku na mchana, sehemu hiyo isiyolipwa ndiyo kubwa.

## Masuala ya pekee

16. Tukimpeleka moja kwa moja hospitali kubwa bila rufaa?

Kwa dharura apokelewe kwanza, karatasi zifuate. Kwa hali isiyo ya dharura, fuateni ngazi: barua ya rufaa ni sharti kwa CHF (swali la 9), na kwa anayeipuuza gharama inaweza kubaki mkononi mwake.

17. Hospitali tuliyoizoea imesema haipokei kadi tena. Inawezekana?

Inawezekana, kwa kuwa kila kituo kisicho cha serikali hufanya kazi kwa mkataba. Kitita kipya cha NHIF kilipoanza kutumika Machi 1, 2024, baadhi ya wamiliki wa hospitali binafsi walipinga bei zake na kusitisha huduma kwa wanachama. Ulizeni mapokezi kabla mzee hajalazwa, si baada.

18. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote inabadilisha nini kwa wazee?

Bunge liliipitisha sheria hiyo hapa Dodoma Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na inaweka vyanzo vya fedha za kuwalipia wasio na uwezo, miongoni mwake vikiwa ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha na bima ya vyombo vya moto. Kwa mzee maskini shabaha yake ni kumtoa kwenye msamaha na kumweka kwenye bima, yaani kumpa mlipaji (swali la 2). Kwa kuwa utekelezaji unakwenda kwa awamu, anayestahili msamaha aendelee kuutunza mpaka awe na kadi inayofanya kazi mkononi. Atakayetambuliwa kuwa hana uwezo ni yule aliyeandikwa, kwa hiyo jina la mzee lisikosekane kwenye orodha ya kijiji.

19. Alama za vidole za babu hazisomeki kwenye mashine. Je, atanyimwa huduma?

Vidole vilivyoshika jembe kwa miaka 50 hufutika, na wahudumu wanalijua hilo. Ombeni uhakiki kwa njia nyingine, kama picha au namba ya kitambulisho cha taifa, na wekeni kumbukumbu ya namba hiyo kwenye simu za angalau watoto wawili.

20. Mama mdogo ana kadi, na mama, dada yake, hana. Wanafanana. Je, mama aitumie siku moja tu?

Asiitumie. Ni udanganyifu unaoweza kumfungia kadi mwenye haki. Hatari ya pili iko kwenye jalada: sukari ya mama, mzio wake wa dawa na kundi lake la damu vitaandikwa kwenye jina la mama mdogo, na siku mama mdogo atakapoletwa akiwa hajitambui, daktari atasoma kilichoandikwa humo na kumtibu kwacho.